Meza ya fedha au mtoano? Na upatu wangu je?

Assalamu alaykum, Mjomba.

Mimi ni kijana wa Wete, nahudumia meza kwenye hoteli moja huku Nungwi. Sijaoa. Nyumbani nina mama na mdogo wangu wa kike anayesoma kidato cha tatu, na kila mwezi nawatumia chochote ninachojaaliwa.

Shida yangu ni ya karata, na naomba usinicheke. Wahedi wa sitini nimecheza barazani tangu mdogo, na hata huku bwenini, zamu ikisha, ndiyo starehe yetu. Mwaka jana mwalimu mmoja wa kaiti, ule mchezo wa kuteleza baharini kwa tiara, Mtaliana, alitufundisha poka, ile ya Texas: kila mtu anapewa karata mbili za siri, tano zinafunuliwa katikati ya meza, na kila mtu anapanga tano zake bora. Nikaishika upesi. Sasa hivi bwenini hakuna anayeniweza.

Kuna nyumba ya kupanga karibu na pwani ambako wageni wanaokaa muda mrefu, walimu wa kaiti na wakubwa wawili watatu wa mahoteli hukutana kucheza. Jumatano ni mtoano. Watu tisa, kila mmoja anatoa elfu 22: elfu 20 inaingia kwenye zawadi, elfu 2 ni ya mwenye nyumba. Unapewa chipu 3,000, na ukiishiwa umetoka, hakuna kununua nyingine. Wa kwanza anachukua nusu ya zawadi, wa pili asilimia 30, wa tatu asilimia 20. Jumamosi ni meza ya fedha. Unaingia na elfu 50 na chipu ni pesa yenyewe. Ukiishiwa unanunua tena, ukitaka kuondoka unainuka saa yoyote. Hapo mwenye nyumba anakata asilimia 5 ya kila poti, yaani ile pesa inayokusanyika katikati ya meza.

Mtoano nimeshacheza, na safari moja nilishika nafasi ya pili. Jumamosi nimekuwa mtazamaji tu. Mwalimu wa kaiti ananiambia anayetaka kuijua poka akae meza ya fedha, kwani mtoano mwisho wake ni bahati nasibu. Mwenzangu wa mapokezi, ambaye yeye hukaa Jumamosi, anasema mtoano ni wa waoga.

Sasa nia yangu. Tuna upatu wa watu 12, laki moja kila mwezi, anayepokea anapata milioni 1 na laki 2. Zamu yangu ni ya tatu, mwezi ujao. Niliahidi kuezeka upya jiko la mama, lakini nimefikiri nianze na mtaji. Mwalimu amenipigia hesabu: kwa meza ya fedha unatakiwa uwe na viingilio 20 mpaka 30, na milioni 1 na laki 2 ni viingilio 24. Yaani nimetimia. Kwa mtoano anasema zinatakiwa 50 mpaka 100. Masika yanakuja, hoteli itapunguza watu na bakhshishi zitakauka, nikaona hiki kinaweza kunisogeza.

Wewe Mjomba umekuwa baharia na poka unaijua. Kwa anayeanza, kipi bora? Tafadhali usinijibu "acha" ukaishia hapo.

Mpemba wa Nungwi

*

Waalaykum salaam, mpwa wangu.

Lile usilotaka kulisikia nalisema mara moja na sirudii. Kamari ni kamari, ikichezwa Jumatano au Jumamosi. Aya ya 90 ya Suratul Maida imeitaja pamoja na ulevi, na viingilio vya watu tisa vikikusanywa vikapewa watatu havibadiliki hukumu kwa kuitwa mashindano. Ukitaka kubishana na hilo mwendee shekhe wako, miye si mufti. Lakini nikikwambia "acha" na kalamu nikaiweka chini, najua Jumamosi utakuwa umekaa pale na elfu 50 mkononi. Kwa hivyo nakujibu ulichouliza.

Kati ya hizo mbili, mtoano. Huo huo wa Jumatano usioruhusu kununua chipu upya, kwa pesa ya bakhshishi iliyobaki baada ya kutuma Wete, na isiwe kila wiki. Jumamosi kaa mbali nayo. Upatu usiuguse hata shilingi.

Mwalimu wako wa kaiti hakukudanganya, na ni haki nianze na ukweli wake. Meza ya fedha ndiyo inayofundisha. Chukulia Jumamosi blaindi, yaani madau ya lazima ambayo watu wawili huweka kwa zamu kabla ya kuona karata, ni 250 na 500. Ukikaa na elfu 50 una blaindi kubwa 100, na blaindi hizo hazipandi usiku kucha. Una nafasi ya kuongeza dau kidogo, ukafuata, ukaona karata tatu za mwanzo, ukafikiri, ya nne ikafunuliwa, ukafikiri tena. Kila hatua ina uamuzi wake, na mwenye akili humla asiye na akili polepole katika maamuzi hayo madogo madogo. Ukikosea mkono mmoja, yaani mgao mmoja wa karata, mkono wa pili unakuja, nao una thamani ile ile.

Mtoano haukupi nafasi hiyo. Unaanza na chipu 3,000, blaindi 25 na 50, yaani una blaindi 60, vizuri tu. Lakini zikipandishwa kila dakika 15, zikaenda 50 na 100, 75 na 150, 100 na 200, 150 na 300, basi baada ya saa moja na robo zimefika 200 na 400. Kama chipu zako bado ni zile zile 3,000, sasa una blaindi saba na nusu. Hapo hakuna tena kuongeza kidogo na kusikiliza. Ni kuweka zote au kutupa karata. Na ukiweka zote, hata ukiwa na ree mbili, karata kubwa kuliko zote, na mwenzako ana wazungu wa nne wawili, zinazofuata kwa ukubwa, utashinda kama mara 82 katika 100. Zile 18 ndizo zinazokurudisha bwenini saa tatu usiku. Ndiyo maana anasema bahati nasibu. Kazidisha, ila naelewa anakotoka.

Tena bahati hiyo ina ukame wake, na wewe ni Mpemba, sina haja ya kukufundisha: ni kama mkarafuu, mwaka unazaa mpaka matawi yanainama, halafu misimu inakuja ambayo unashuka mtini na pishi mbili. Piga hesabu. Watu tisa, watatu wanapata zawadi. Ukiwa sawa na wenzako kwa ujuzi, kila Jumatano una nafasi moja kati ya tatu. Uwezekano wa kutoka mtupu Jumatano sita mfululizo ni kama moja kati ya 11. Si jambo la ajabu hilo, linaweza kukupata bila ya kosa lolote. Ndiyo sababu mtoano unahitaji viingilio vingi zaidi kuliko meza ya fedha. Mwalimu kasema kweli tena.

Basi kama anasema kweli kote huko, kwa nini nakupeleka kwenye mtoano?

Kwa sababu yeye anahesabu karata, na miye natazama nani kakaa kwenye kiti gani. Jumamosi pale pana mgeni aliyekodi nyumba kwa miezi, pana meneja, pana mwalimu anayelipwa kwa saa kwa fedha za kigeni. Kwao elfu 50 ni chakula cha usiku cha watu wawili. Kwako ni nusu ya mchango wa upatu. Poka inataka mtu aweze kuweka dau bila mkono kutetemeka, na anayeogopa kupoteza alichonacho mezani husomwa na meza nzima katika mizunguko michache. Wataongeza dau kila ukionyesha udhaifu, utatupa karata nzuri kwa kuogopa, na utafuata na karata mbovu kwa hasira. Wala hawahitaji kukuzidi akili. Wakiishiwa wananunua tena, wakiishiwa wananunua tena.

Jumatano mambo hayo hayapo. Kila mtu kaanza na 3,000, na mwenye hoteli akiishiwa anainuka sawa na mwenye trei. Pesa iliyo mfukoni haichezi. Kwa mtu mwenye mfuko mdogo kukaa na wenye mifuko mikubwa, hiyo ni faida ambayo huipati mahali pengine, na unaipata kwa elfu 22. Hasara yako unaijua kabla hujakaa.

Kisha kuna ule mkato, ambao mwalimu wako hakuutaja. Jumatano mwenye nyumba anachukua elfu 2 yake mlangoni, mwisho. Mkiwa sawa nyote, kila mmoja kwa wastani anapoteza hiyo elfu 2 kwa usiku. Jumamosi anachukua asilimia 5 ya kila poti. Asilimia 5 inasikika kama si kitu. Mgawaji wa kawaida hugawa mikono kama 28 kwa saa. Poti zikiwa na wastani wa elfu 8, hiyo ni laki 2 na elfu 24 inayopita katikati ya meza kila saa, na elfu 11 na 200 inaingia kwenye kopo la mwenye nyumba. Kwa saa tano ni elfu 56. Yaani ifikapo usiku wa manane kiingilio kizima cha mtu mmoja, na zaidi kidogo, kimeshaondoka mezani, na hakuna aliyekishinda. Gawanya kwa watu tisa, kila mmoja kalipa zaidi ya elfu 6, mara tatu ya Jumatano, naye haoni kwa sababu anakatwa mia mia. Ili uondoke na faida Jumamosi haitoshi kuwazidi kidogo hao wageni. Uwazidi wao na lile kopo.

La tatu ndilo zito, na hili nililiona kwa macho yangu melini.

Nilikuwa msaidizi wa jikoni. Poka ilichezwa kwenye chumba cha kulia, vyombo vikishaoshwa. Mtoano haukuwepo, ilikuwa meza ya fedha, na fedha yenyewe ilikuwa karatasi: aliyeishiwa aliandika kiasi, akatia sahihi, akapewa chipu, na siku ya mshahara karatasi zilisomwa kwa sauti. Mpishi wetu wa pili alikuwa mtu mpole, na poka aliijua kuliko wengi pale. Siku zinasomwa zake nilikuwa nimesimama karibu yake. Alikuwa na kitambaa cha meza mkononi, akakikunja, akakikunjua, akakilaza upya, akakikunja kwa pembe zile zile, na msomaji hajamaliza. Miezi yake mitatu ilikwenda. Karata hazikuwa mbaya kuliko za wengine. Kila alipoishiwa, kalamu ilikuwa karibu.

Siku hizi kalamu imo ndani ya simu. Unabonyeza, pesa imeshafika kwa mwenye nyumba. Huna, unabonyeza kwengine, umekopeshwa. "Ukiishiwa unanunua tena" umeiandika kwenye barua yako kana kwamba ni starehe ya meza ya fedha. Kwa mwanafunzi, hicho ndicho kisima kisicho na ukuta. Na "unainuka saa yoyote" nayo ni ya kwenye karatasi tu. Aliyepoteza haondoki kwa sababu anataka kurudisha chake, aliyeshinda haondoki kwa sababu anaona haya kuinuka na pesa za wakubwa zake. Hasa wewe, ambaye kesho yake asubuhi utawapelekea chai.

Sasa hesabu ya viingilio 24. Kipimo cha 20 mpaka 30 kipo, wachezaji wanakitumia, lakini kimewekwa kwa ajili ya mtu ambaye kwa wastani tayari anashinda, ili bahati mbaya ya muda isimmalize kabla ujuzi wake haujaonekana. Kwa mtu ambaye bado anapoteza kwa wastani, viingilio 24 ni Jumamosi 24 za kupoteza badala ya sita. Kuwafunga wenzako wa bwenini si ushahidi, nao wamefundishwa siku moja na wewe.

Wala huna viingilio 24. Hebu tukae hapa kidogo. Watu 12, laki moja kila mwezi, zamu yako ya tatu. Siku utakayopokea utakuwa umetoa laki 3, ukihesabu na ya mwezi huo. Laki 9 zilizobaki ni za wenzako ambao zamu zao hazijafika, na utazilipa laki moja moja kwa miezi tisa. Anayepokea upatu mapema kakopeshwa, ila ni mkopo usio na riba wala karatasi, ndiyo maana watu hawauhesabu kuwa ni mkopo. Chako wewe ni laki 3. Hizo ni viingilio sita, na miezi tisa ya kulipa inaanza kwa kukupitisha kwenye masika, Machi mpaka Mei, hoteli ikiwa imefunga nusu ya vyumba na wewe pengine uko likizo bila malipo nyumbani Wete. Siku kijumbe atakapopita kukusanya, utamwambia nini? Kwamba ree zako zilivunjwa?

Najua utanitajia yule Chris Moneymaker, vijana wote wa poka humtaja. Mhasibu wa Tennessee, mwaka 2003, aliyeingia mashindano makubwa ya Las Vegas, ambayo kiingilio chake ni dola 10,000, kwa nafasi aliyoishinda kwenye mchezo wa intaneti wa dola 86. Akaondoka na dola milioni 2.5. Ni kweli kabisa. Walikuwa 839, na kati ya wale 838 sijasikia kijana akinitajia hata mmoja. Lakini ona alichofanya yule mhasibu mwanzoni: aliingia kwa kiasi kidogo, kilichojulikana, kwenye mtoano. Hakuingia na fedha ya upatu.

Haya. Unataka kujifunza, na Jumatano haifundishi ipasavyo. Dawa yake iko bwenini kwenu. Fanyeni meza ya Jumamosi bila pesa: kila mtu apewe kunde 100, blaindi kubwa iwe kunde moja na ndogo mchukulie nusu, zisipande, na aliyeishiwa aongezwe lakini iandikwe ukutani. Utayapata mafunzo yote ya mwalimu wako, na haramu hamna. Utaona upesi kosa lenu watu wa wahedi wa sitini. Barazani karata uliyopewa lazima uicheze, una mwenzio anakutegemea, na mkono ukiwa mbaya mnavumilia pamoja. Kwenye poka huna mwenzio, na mkono mbaya unatupwa bila kulipa kitu ukiwa hauko kwenye blaindi. Anayetoka barazani hucheza mikono sita katika kumi kwa mazoea. Cheza miwili, na hiyo miwili iwe zaidi pale unaposema wa mwisho, ukishawasikia wote. Jozi utapewa kama mara moja katika mikono 17, ree mbili mara moja katika 221, kwa hivyo kutupa ndiyo kazi yako kubwa, izoee.

Na ukienda Jumatano, jambo moja la mtoano ambalo meza ya fedha haitakufundisha: chipu si pesa, na hazina thamani sawa. Zawadi zote ni laki 1 na elfu 80. Wa kwanza anamaliza na chipu zote 27,000 mbele yake, ila anapewa elfu 90 tu, nusu. Wa pili, ambaye hana hata chipu moja, anapewa elfu 54, na wa tatu elfu 36. Maana yake chipu unazopoteza zina uzito kuliko unazopata, na uzito huo unakuwa mkubwa zaidi mkibaki wanne. Tuseme mmoja wenu ana chipu 800, blaindi ni 300 na 600. Mwenye chipu nyingi anaweka zote. Wewe una za wastani, umeshika ree na kumi. Jumamosi ungefuata labda. Jumatano tupa, bila kusikitika. Yule mwenye 800 blaindi zinamfikia sasa hivi, na akitoka yeye, wewe umeshaingia kwenye zawadi kwa kukaa kimya. Wageni wengi hawana subira hiyo. Kijana aliyezoea kusubiri wageni wachague chakula anayo.

Mara mbili kwa mwezi inatosha, elfu 44, na simu uiache bwenini. Masika yakiingia usiende kabisa mpaka hoteli ikurudishe kazini kikamilifu, na Ramadhani sidhani kama nahitaji kukwambia. Andika kila elfu iliyoingia na iliyotoka kwenye daftari, si kichwani, kichwa kinakumbuka nafasi ya pili tu. Na siku utakayojikuta unaitamani Jumamosi ili irudishe kilichopotea Jumatano, ujue umeshatoka kwenye karata, uko kwenye ugonjwa mwengine. Mwambie mtu siku hiyo hiyo, si baada ya kurudisha. Ukikosa wa kumwambia, niandikie mimi.

Upatu nao una njia. Kabla mwezi haujaisha mwendee kijumbe umwombe abadilishe zamu yako, akuweke mwisho. Kati ya watu 12 hakosekani mwenye ada ya skuli au mgonjwa anayeihitaji pesa hiyo sasa, atakushukuru. Utaendelea kutoa laki yako kwa mwezi kama kawaida, na miezi ya masika utaibana ukijua ni akiba yako unayoweka, si deni unalolipa. Ukipokea wa mwisho, milioni 1 na laki 2 yote ni yako, humdai mtu na hudaiwi, na mama anapata mabati yake. Kama zamu haibadiliki, pokea ya tatu, laki 3 yako nunua mabati mwezi huo huo uyapakie kwenye boti, na laki 9 mpe mtu unayemwamini akushikie, awe anakutolea laki kila mwezi.

Ama huyo mwenzako wa mapokezi anayesema mtoano ni wa waoga, muulize Jumamosi iliyopita aliinuka na ngapi, na ile ya kabla yake, na ile ya kabla ya hiyo. Akikujibu zote tatu kwa tarakimu bila kufikiri, nitumie majibu yake niyaone.

Mjomba